Mijusi Wawili, Tangi Moja

Jumapili, 2 Machi

Nimerudi kazini miguu inawaka — wazee wa makao ninakopika wameilalamikia supu ya maboga kutwa nzima — nakuta mdogo wangu Gavan amemhamishia mjusi wake, Brumby, ndani ya tangi la mjusi wangu, Pav. Hakuniuliza. Ana wiki moja tu tangu mkewe Yvette amfukuze, na tayari ameshapanga upya friji, kochi, na sasa hili.

"Nimekuokolea umeme, dada," anasema, macho yamekwama kwenye mpira. "Taa mbili za joto za nini, na tangi lako kubwa kama bafu?"

Nikamwambia mijusi wa ndevu hawakai wawili. Kila mmoja anataka jiwe lake, taa yake, chakula chake.

"Mbona anampungia mkono? Angalia. Anamsalimia."

Kweli Pav alikuwa ameinua mguu wa mbele, anauzungusha polepole hewani. Hiyo si salamu. Hiyo ni kusema nimeshindwa, usiniume. Na Brumby juu ya jiwe, ndevu, ile ngozi ya miba chini ya kidevu, zimekuwa nyeusi kama lami, kichwa kinapanda na kushuka. Jiwe la Pav. Taa ya Pav. Mwenyewe amejibanza chini ya gogo, rangi imempotea.

Nimemtoa Brumby, nikamrudisha kwenye sanduku lake. Akaning'ata kidole. Gavan akasema safi sana.

Nyumba ni yetu sote, ndivyo mama alivyoandika kwenye wosia. Vinginevyo leo wangelala kwenye pikapu, yeye na dude lake.

Jumanne, 4 Machi

Amemrudisha Brumby tangini. Nikiwa kazini.

Pav ana jeraha shingoni, na kidole kimoja cha mguu wa nyuma hakipo. Nimekitafuta kwenye mchanga kama mjinga. Ningekifanyia nini?

Dokta Hewitt, daktari wa wanyama, amemsafisha na kumpa dawa. Kasema dume huuma shingo likimpanda jike, hilo la kawaida. Kidole, hapana. Akauliza nani aliwaweka pamoja. Mdogo wangu, nikasema. Akanitazama kama mtu ambaye naye ana mdogo wake.

Gavan: "Kidole kimoja tu. Anavyo vingine kibao."

Nimenunua kufuli. Tangi limefungwa, ufunguo uko shingoni mwangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mayai. Pav alichimba tangu asubuhi mpaka makucha yakachubuka, kisha akataga, akafukia, akalala juu ya mchanga kama kitambaa kilichokamuliwa. Amebaki ngozi na macho.

Nilitaka kuyatia kwenye friza, yaishe. Gavan akaniwahi. Ameyapanga ndani ya boksi la kuwekea barafu, kalitia taa, kaliweka chumba cha kufulia. Eti Brumby ndiye baba, ana haki. Eti kuna jamaa wa duka la wanyama kule Geelong atanunua vitoto vyote.

"Na Pav je? Nusu ni yangu."

"Sawa. Chukua nusu ya nyuma. Mimi nabaki na ya mbele, yenye mdomo."

Akacheka peke yake. Nimekula jikoni nimesimama.

Jumatano, 11 Juni

Wameanza kutoka! Nilikuwa naenda kufua aproni. Gavan kapiga magoti mbele ya boksi, ananiashiria ninyamaze. Yai lilichanika, pua ikatokeza, ikapumzika. Kisha mwili mzima, mdogo kama kidole changu, una ndevu tayari. Nikapiga magoti kando yake. Bega lake liligusa langu na hakulitoa.

"Mama angecheka," akasema.

"Mama angekimbia."

Akacheka kweli, kile kicheko cha zamani cha puani. Nikadhani pengine tutaelewana.

Halafu akawamwaga wote kwenye beseni moja la plastiki.

"Watenganishe, Gavan."

"Ni ndugu hao. Wametoka tumbo moja."

"Ndugu ndio wanaoanza kuumana."

Akasema naharibu kila kitu, tangu tukiwa wadogo. Bega likaondoka.

Jumapili, 22 Juni

Baridi kali, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda hadi saa nne. Kwenye beseni: mikia mitatu haina ncha. Mmoja ana mguu umeishia kwenye kifundo. Gavan anawalisha mara moja kwa siku akikumbuka, na kitoto chenye njaa hakichagui. Kikiona kidole kinacheza, kwake ni nyenje, mdudu wanayelishwa.

Wanalala wamerundikana. "Wanakumbatiana, ona," anasema. Hawakumbatiani. Wa juu anajichukulia joto la taa, wa chini anakosa. Kila siku wa juu ni yule yule, jike pana lenye madoa. Kila siku wa chini ni wale wale.

Niliwatoa wale wadogo, kila mmoja kwenye kopo lake la aiskrimu. Nilipotoka kuoga alikuwa amewarudisha. Makopo kayatia kwenye pipa la taka.

Jumanne, 24 Juni

Mdogo kuliko wote hayupo.

Gavan alinisubiri mlangoni. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Umemuuza? Umemficha kazini kwako?"

Nikamshika mkono — sijamshika mkono miaka mingi — nikampeleka kwenye beseni. Jike la madoa limevimba tumbo. Mdomoni kumening'inia mguu. Bado linameza, polepole, macho limeyafumba kwa utamu.

Gavan akageuka rangi. Akaenda sinki, akafungua maji, akayaacha yatiririke. Nikafikiri sasa amenielewa.

"Wewe ndiye unayewanyima chakula," akasema, mgongo bado umenigeukia. "Unataka wafe ili jamaa wa Geelong aniache."

Nilimwambia maneno kuhusu Yvette. Kwamba mwanamke huyo alikaa naye miaka kumi, kwamba anastahili kujengewa sanamu kwa uvumilivu. Akafunga maji, akatoka. Ilinipa raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 27 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilipofungua mlango sikusikia televisheni. Gavan amekaa sakafuni chumbani kwangu, koleo kubwa ya kukatia chuma pembeni yake. Kufuli limekatwa. Beseni liko karibu naye, tupu.

"Nilidhani mama yao," akasema. "Nilidhani wakiwa na mama yao watatulia."

Pav alikuwa katikati ya tangi. Pav wangu, anayekula boga kwenye kiganja changu, anayelala kifuani kwangu nikitazama taarifa ya habari. Kutoka mdomoni kulichomoza mkia. Alimeza, akalamba kioo, akageuza kichwa. Kitoto kimoja kilikuwa kinakimbia pembezoni. Alikidaka kabla sijafika.

Niliingiza mikono yote miwili. Nikatoa waliobaki kutoka chini ya gogo, nyuma ya bakuli, mmoja ndani ya mchanga pua tu ikionekana. Saba. Walikuwa kumi na tano asubuhi.

Gavan hakusaidia. Alikuwa anamwangalia Pav.

"Mama gani anafanya vile?"

"Si mama. Ni mjusi. Anataga, anafukia, anaondoka. Hawajui."

"Aliwatazama, Noelene. Aliwatazama usoni."

"Aliona chakula. Wewe ndiye uliyekimwaga."

Akasimama, koleo mkononi. Akasema mjusi wangu ni muuaji, kesho anampeleka mwenyewe achomwe sindano ya kufa, na nikimzuia atatumia njia nyingine. Nikasimama kati yake na tangi. Mimi ni mfupi, yeye anagusa taa ya dari. Nikamwambia inua hiyo koleo, tuone. Nilitaka ainue. Mungu anisamehe, nilitaka anipe sababu.

Akaitupa kitandani kwangu akatoka.

Dokta Hewitt kwenye simu: nimwangalie Pav tumbo lisije likaziba, nimpe maji ya vuguvugu. Vitoto, kila mmoja peke yake. Nilimwambia najua. Akasema anajua kwamba najua.

Nimeviweka vyote saba kwenye makopo, nikaburuta kabati dogo nikaziba mlango.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika ndani ya gari, uani.

Niliamka pumzi yangu inaonekana. Taa za joto zimezimika, zote. Pav wa baridi kama kijiko. Nikaenda kwenye ubao wa umeme nje ya jikoni: fyuzi hazipo. Gavan amekaa kwenye ngazi za nyuma na kikombe cha chai aliyochemshia kwenye jiko la kambi.

"Fyuzi."

Akapapasa mfuko wa koti. "Nyumba hii hailipii umeme wa muuaji. Toa huyo mjusi, nawasha."

"Vitoto navyo vitakufa. Vya kwako."

"Basi harakisha."

Sikubishana. Nimewabeba wote nikawaleta garini. Pav kwenye kiti cha mbele ndani ya blanketi la mama, makopo saba chini kwenye upepo wa moto. Nimewasha injini na hita mpaka mwisho. Kutoka siwezi, pikapu yake iko nyuma yangu, imebana hadi bampa.

Vinaanza kuamka. Kile chenye mguu mmoja mfupi kimekula nyenje. Pav amefumbua jicho.

Gavan alikaa pale ngazini, chai ikapoa. Halafu akasimama kama aliyeitwa, akaingia ndani mbio. Naona alikuwa amesahau. Taa ya Brumby inatoka kwenye ubao ule ule.

Sasa ametoka. Hana koti, koti amemfungia Brumby, mkia mweusi unaning'inia haujitikisi. Ameukumbatia mzigo huo kifuani kama mtoto mchanga. Amegonga dirisha la Pav.

"Fungua."

Nimeteremsha kioo upana wa kidole. "Rudisha fyuzi."

"Nitarudisha. Fungua kwanza, anakufa."

"Nimweke wapi? Na Pav?"

Akamtazama Pav, akamtazama Brumby. Akazunguka mbele, akamlaza juu ya boneti, kwenye joto la injini, akamfunika kwa koti. Akainama juu yake kuzuia upepo, viganja viwili kwenye bati. Fyuzi ziko mfukoni mwa koti hilo hilo. Nazisikia zinagonga boneti injini ikitetemeka.

Brumby amesogeza kichwa. Nimeona.

Gavan kainua uso. Midomo ya bluu. Anasema kitu, nimezima feni ya hita nisikie.

"Usizime gari, Noelene. Tafadhali."

Tafadhali. Tangu aje sijawahi kulisikia.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye ufunguo wa gari, na anauona.