Mama Mkwe Mbele ya Meza ya Bwana

Machame, Jumapili, masika ya 1975

Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika sasa hivi tu, baada ya chakula cha mchana. Mlima hatujauona wiki nzima. Nimechoka, lakini nataka kuandika kabla sijaanza kusahau nani alisema nini.

Leo mama mkwe wangu amekula Chakula cha Bwana kwa mara ya kwanza tangu abatizwe.

Watu wote hapa wanamwita Bibi Manka. Mume wangu ni kitinda mimba wake, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na mama kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Kwa hiyo tangu niolewe naishi naye. Mimi nafundisha shule ya msingi. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha sukari kule tambarare na hurudi nyumbani Jumamosi, mara nyingi bila sukari. Mtoto wetu, Anande, hubaki na bibi yake ninapokuwa darasani.

Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, wenzake wanaposimama kwenda kupiga magoti, Bibi hutoka nje. Husema miguu inamuuma. Sote tulidhani ni kwa sababu ya mbege, maana hakuna anayepika pombe hiyo ya ndizi vizuri kama yeye, na wachungaji wa zamani walikuwa wakali kwa mambo ya pombe. Hata mimi niliamini hivyo. Sikuwahi kumwuliza. Mkwe haulizi maswali ya namna hiyo.

Jumatatu alishikwa na homa na kichomi. Mganga wa zahanati akamchoma sindano na kutushauri tumpeleke hospitali Moshi. Bibi akakataa, na hata angekubali, barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Jumatano alipata nafuu kidogo, ila pumzi ilikuwa fupi na midomo imekauka. Niliogopa. Nikamwambia nitamwita Mchungaji amletee Chakula cha Bwana kitandani. Hakujibu, nami nikachukua kimya chake kuwa ni kukubali.

Mchungaji wetu ni kijana, ametoka chuoni si muda mrefu. Ni mtu wa Rombo, na Kichaga cha kwao na chetu havisikilizani, kwa hiyo yeye na Bibi huongea Kiswahili. Alikuja Alhamisi kwa miguu, suruali ameikunja hadi magotini, kisanduku chake cha mkate na divai amekifunga kwa nailoni kisilowe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mchungaji. Pole na njia."

Alipoanza kutandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, Bibi akanyoosha mkono. "Funga hicho kwanza. Unisikilize."

Akatueleza, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mtoto wake wa kwanza si yule shemeji yangu mkubwa tunayemjua. Alikuwa msichana. Aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Siku zile mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na watu waliamini kwamba akiachwa akue, ukoo wote utakwisha. Wanawake wazee wa ukoo walikuja asubuhi kumchukua.

"Walinyoosha mikono," Bibi alisema. "Nikampa. Nilimfunga nguo vizuri kwanza, kwa sababu kulikuwa na baridi. Halafu nikampa."

Mchungaji alisema kwa upole kwamba alikuwa msichana mdogo, mke mgeni, na hakuna aliyemwuliza anataka nini. Bibi akatikisa kichwa. Hakutaka kusaidiwa kwa njia hiyo.

Alipokuja kubatizwa, miaka mingi baadaye, mwalimu wa dini aliwaambia waungame dhambi zao. Akaungama pombe, akaungama matambiko. Hili akalimeza. Tangu hapo kila alipoona watu wanakwenda Mezani, alijiona kama mwizi akiketi tu miongoni mwao.

"Sasa nataka unitenge," alimwambia Mchungaji. "Unitenge kama mnavyowatenga wasichana wanaopata mimba. Nikae benchi la mbele, watu wanione. Halafu, nikiwa bado hai, unirudishe kundini."

Mchungaji akamjibu kama alivyofundishwa, na kama mimi mwenyewe ninavyowafundisha watoto wa kipaimara kila Jumamosi. Akasema hakuna mtu anayefanywa mwenye haki kwa adhabu wala kwa machozi. Mungu humhesabia haki mwenye dhambi anayemtegemea Kristo, na dhambi yake imesamehewa.

"Bila kulipa kitu?"

"Bila kitu, Bibi. Ni bure."

"Bure."

"Bure kabisa."

"Basi na mtoto wangu alikuwa bure."

Mchungaji aliomba sala fupi, akakunja kitambaa chake, akatuaga. Bibi akageukia ukutani.

Mimi nilibaki nimesimama na kikombe cha uji mkononi. Nimewafundisha watoto somo hilo tangu nilipoanza kufundisha kipaimara. Wote hujibu vizuri. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na mtoto aliyetolewa hivyo, wa kuuliza habari zake.

Sasa la Ijumaa, ambalo sipendi kuliandika.

Ijumaa asubuhi nilimchukua Anande nikampeleka kwa jirani. Nilisema Bibi ni mgonjwa, asisumbuliwe. Lakini Jumanne na Jumatano alikuwa mgonjwa zaidi na Anande alicheza hapo hapo kitandani kwake. Bibi alinitazama nikimfunga mtoto mgongoni. Hakuuliza ninampeleka wapi.

Darasani sikuweza kufundisha. Nilikuwa nakumbuka mwaka jana, Anande alipokuwa anaota meno. Kila asubuhi Bibi alikuwa akinawa mikono na kupitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto, juu, chini, juu tena. Mimi nilidhani ni mambo ya wazee tu. Siku jino la chini lilipochomoza, alikaa sakafuni akalia, nami nikawaambia majirani jinsi bibi huyu anavyompenda mjukuu wake, hadi analia kwa jino.

Mwanamke yule nilimwondolea mtoto.

Jumamosi mume wangu alirudi. Nilitaka nimweleze mimi, lakini Bibi alimwita chumbani akamwambia mwenyewe, kwa Kimachame. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alitoka, akachukua panga, akaenda kukata majani ya ng'ombe, akakata mengi mno. Aliporudi alikuwa amelowa. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, dada yangu alikuwa anaitwa nani?"

Sijawahi kumwona Bibi akishtuka namna ile. Nadhani alijiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Akasema jina lilikuwa halijatangazwa bado. Wazee walikuwa wanangojea meno.

"Lakini wewe ulikuwa unamwitaje?"

"Mkunde," akasema. "Tukiwa peke yetu. Mkunde."

Mume wangu akalirudia jina hilo. Kisha akauliza walimpeleka wapi, na Bibi akasema hakuambiwa, na yeye hakuwahi kuuliza. Mimi nilikwenda kwa jirani kumchukua Anande. Nikampakata kidogo mlangoni, halafu nikaingia nikamweka kwenye mapaja ya bibi yake. Bibi akamfuta kamasi kwa ncha ya kanga.

Jioni ile ile, kabla giza halijaingia, Mchungaji akarudi. Hakuna aliyemwita. Hata kuketi hakuketi.

"Bibi, juzi nilikujibu haraka. Nimekuja kusema vizuri."

"Sema."

"Nilisema msamaha ni bure. Ni bure kwako. Kwa Mungu haukuwa bure. Yeye naye alimtoa Mwana wake, akatiwa mikononi mwa watu, na Mwana akafa kweli. Mungu hakusema habari ya mtoto wako ni kitu kidogo. Alisema ni kubwa mno, wewe huwezi kuilipa hata ukikaa benchi la mbele mpaka ufe."

Bibi akauliza, "Alipomtoa, aliona uchungu?"

"Aliona, Bibi."

"Hm."

Nilimwona mume wangu ameinamisha kichwa. Bibi akaendelea. "Na Mkunde je? Mimi unasema nimesamehewa. Yeye ameulizwa na nani?"

Nilingoja Mchungaji atoe maneno ya vitabuni. Akasema, "Hilo sijui. Siwezi kukuambia nisichokijua. Najua tu kwamba yuko kwa Mungu huyo huyo."

Nafikiri jibu hilo ndilo lililomgeuza Bibi. Mtu aliyekiri kwamba hajui, alimwamini kwa lile alilosema anajua. Akasema yuko tayari kwenda Mezani, ila si kitandani. Alitaka kwenda kanisani, na alitaka jina la mtoto litajwe mbele ya watu, walau mara moja, kwa sababu halijawahi kusikika nje ya nyumba.

"Lakini si kama adhabu," Mchungaji alisema.

"Si kama adhabu. Alikuwepo. Watu wajue alikuwepo."

Leo asubuhi mume wangu na balozi wetu wa nyumba kumi walimbeba kwenye kiti, mimi nikiwafuata na mwavuli ambao haukusaidia kitu. Matope yalikuwa hadi kwenye vifundo vya miguu. Tulifika tumechelewa na watu wote wakageuka kututazama.

Baada ya ungamo la pamoja, kabla ya kututangazia msamaha, Mchungaji alisimama. "Bibi Manka ana neno," akasema. "Hajatengwa na hatatengwa. Ana neno tu."

Bibi alisimama akishika benchi lililo mbele yake. Alisema kwa Kimachame, na sauti ilikuwa ndogo, lakini kanisa lilinyamaza hata mvua ikasikika juu ya bati. Alisema alikuwa na binti aitwaye Mkunde. Akasema alikuwa kigego, na kwamba alimtoa kwa mikono yake hii, na kwamba kwa miaka yote hii alilificha jambo hilo. Akasema, "Mungu amenisamehe, nimeambiwa, nami nimekubali." Akaketi.

Baadhi ya vijana hawakuelewa, wakawa wanaulizana. Wazee wa kanisa walikuwa wanaangalia sakafu.

Kisha, upande wa wanawake, Bibi Naomi akasimama. Bibi Naomi ndiye anayeongoza maombi ya akina mama, mjane wa mzee wa kanisa, mwanamke ambaye hajawahi kukosa Mezani tangu nimjue, na ndiye aliyekuwa akimsema mama mkwe wangu kwa ajili ya mbege kuliko watu wote.

"Wangu alikuwa mvulana," alisema. "Sikumpa jina."

Akaketi, akajifunika uso kwa kanga.

Nilimwonea Mchungaji huruma, maana hakuna utaratibu wa ibada unaosema nini kifuate hapo. Halafu akatutangazia msamaha, maneno yale yale ya kila Jumapili. Nimeyasikia tangu utoto. Leo nilikuwa nayasikiliza kama mtu anayengoja kusomewa jina lake.

Watu walipoanza kwenda Mezani, tulimshika Bibi huku na huku tukampeleka. Hakuweza kupiga magoti, tukamwekea kigoda. Mchungaji akaja na mkate. Bibi akafunga mdomo, akageuka kuangalia nyuma. Bibi Naomi alikuwa bado benchini. Yeye aliyekuwa wa kwanza kila mara, leo hakuinuka.

"Mngoje," Bibi akamwambia Mchungaji.

Mchungaji akangoja, mkate mkononi. Watu waliopiga magoti nao wakangoja. Bibi akanigeukia. "Mama Anande, nenda umwambie namngojea. Mwambie miguu yangu inauma, asikawie."

Nikaenda. Nikainama nikamwambia hivyo hivyo. Bibi Naomi alikataa kwa kichwa mara ya kwanza. Nikamwambia tena. Ndipo akanishika mkono, akainuka. Ni mzito, akaniegemea njia nzima. Alipofika akapiga magoti kando ya kigoda, na mama mkwe wangu akamsogezea pindo la kanga yake asipige magoti juu ya saruji baridi. Mchungaji akawapa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na wimbo wa pekee wala watu kulia ovyo. Tulirudi nyumbani kama tulivyokwenda, kwa kiti, na Bibi alimgombeza mume wangu njia nzima kwamba anamtikisa. Amekunywa mtori, supu ile ya ndizi na nyama, bakuli zima. Kichomi bado kipo. Mganga amesema atakuja kumwona tena barabara ikipitika. Sijidanganyi kuhusu umri wake.

Na si kila mtu amefurahi. Mzee mmoja wa kanisa alimvuta mume wangu pembeni akamwambia kwamba mambo ya namna ile huanza kwenye baraza la wazee, mhusika hutengwa, ndipo hurudishwa, na kwamba Mchungaji ataitwa wiki hii kujieleza. Akasema tukianza kusamehe hivi hivi, kesho kila mtu atasimama. Nimefikiria maneno hayo wakati naosha vyombo. Siku zote nilidhani nayajua mafundisho haya, kwa sababu nayafundisha. Lakini kama tunayaamini, kwa nini tunaogopa kila mtu asimame?

Nimemwambia mume wangu kwamba siku ya baraza nitakwenda kumsemea Mchungaji, hata kama sikualikwa. Bibi ametusikia kutoka chumbani.

"Waambie waje hapa kwangu," amesema. "Miguu sina, lakini mdomo ninao."

Mume wangu amecheka, na mimi nimecheka. Sasa wingu linashuka tena. Naenda kuingiza kuni ndani kabla hazijalowa.