Ringi Nilizompa Mzee Owuor

Alhamisi, Mei 1992. Mamboleo, Kisumu.

Mvua tangu asubuhi, gereji yote tope. Nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni ya unga na bado inanuka oili. Chakula kimepoa mezani, sina hamu nacho.

Leo nimemdanganya mtu aliyefiwa. Naanza na hilo nisije nikazungukazunguka.

Mzee Owuor ni mwalimu mstaafu wa upande wa Luanda Kotieno. Mwezi uliopita aliniletea gari lake refu la safu tatu za viti. Lilikuwa linakula oili na kutoa moshi wa buluu. Lilifika kwangu adhuhuri, injini moto baada ya safari ndefu. Nikalipeleka mlima wa Riat. Likipanda, halikutoa moshi. Nikashuka bila kukanyaga mafuta, na nilipokanyaga pale chini, kioo cha nyuma kikajaa moshi.

Fundi mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zikiisha, gari hutoa moshi likipanda, likiwa na mzigo. Moshi unaokuja baada ya mteremko hutoka juu, kwenye bushi za valvu, vile vimirija vya chuma ambamo valvu hupanda na kushuka. Bushi zikilika, oili hupenya hapo na kuungua. Tena kuna kipimo kisichohitaji hata spana: acha gari lilale, asubuhi liwashe likiwa baridi, utazame bomba la moshi. Likitoa wingu moja la buluu kisha likatulia, ni bushi.

Sikulilaza. Wateja watatu walikuwa wananitazama, na mimi ndiye yule fundi maarufu wa kutoa jibu papo hapo.

"Mzee, ringi zimeisha," nikamwambia. "Ukiendesha hii gari itakufia kwa njia. Wacha hapa."

Akaliacha. Nikaagiza ringi Nairobi, zikachelewa wiki tatu.

Gari lenye bushi zilizolika hutembea mwaka mzima, mradi uwe unaongeza oili. Hilo nalijua tangu nikijifunza kazi.

Wiki ya pili mke wake, Mama Akinyi, alizidiwa alfajiri kwa ugonjwa wa presha. Hakukuwa na gari jingine karibu. Walingoja pikapu ya samaki mpaka saa nane mchana, wakamlaza kwenye turubai katikati ya makreti. Alikata roho kabla ya kufika Kisumu. Nilienda mazishini, nikasaidia kupanga viti, nikala chakula chao.

Ringi zilipofika juma hili nilifungua injini. Ringi za zamani nzima. Kuta za silinda bado zina mistari ya kiwandani, hazijalika. Nikashika valvu moja kwa vidole viwili, ikacheza kama jino la mtoto. Nikajaribu zote nane, zote zinacheza. Kisha nikaenda kwa fundi wa kuchonga vyuma mjini, akanitengenezea bushi, nikazifunga pamoja na ringi mpya bila kumwambia mtu. Kazi ya siku mbili!

Leo saa tisa Mzee akaja kuchukua gari. Amekonda, koti linamning'inia. Huku kwetu mteja hudai vipuri vya zamani, aone kweli vimebadilishwa, na mimi sijawahi kununa kwa hilo. Lakini yeye alikuwa na sababu nyingine.

"Fundi, nipatie hizo ringi zilikufa," alisema. "Shemeji zangu wanasema nilikuwa na gari na nikawacha dada yao akufe. Nataka waone na macho yao."

Ringi zake zilikuwa kwenye benchi, nzima. Nikaenda nyuma kwenye debe la vyuma chakavu, nikachagua ringi za gari jingine, zimelika, mbili zimevunjika. Nikazifuta vizuri kwa kitambaa. Nikampa.

Alizitazama sana. "Kumbe ilikuwa imekufa kabisa," akasema. "Hata ningekuja kuichukua, ingetuwacha kwa barabara." Akalia pale pale, mtu wa umri ule.

Halafu akanishukuru.

Nilijiambia nimemhurumia. Akijua gari lingeweza kumfikisha hospitali, atalala vipi? Maneno matamu hayo. Ukweli nao ungemwondolea lawama za shemeji zake, maana ni mimi niliyelizuia gari. Ungeitoa lawama kwake na kuileta kwangu. Niliyemhurumia ni mimi.

Kabla ya kuondoka alinishika mkono. "Jumapili wanakuja kwangu, tukae tuongee haya maneno. Kuja useme wewe mwenyewe. Wewe ndio fundi, watakuamini."

Nikasema nitakuja.

Akaliwasha, akaondoka kuelekea mjini. Niliangalia bomba mpaka alipopotea. Hakuna moshi hata kidogo.

Ringi zake halisi bado ziko kwenye benchi. Nataka kuandika hapa kwamba Jumapili nitazibeba, niziweke mbele yake na mbele ya shemeji zake, niseme ni za nani. Nimeshika kalamu nusu saa nzima, na bado siwezi kuandika "nitazibeba" bila kuweka alama ya kuuliza.