Vijiti Vina Mwenyewe

Kwako mama, uliyepumzika kijijini Kate,

Juzi nilicheka peke yangu kwenye duka la dawa hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, mpaka muuzaji akaniangalia vibaya. Nilikuwa nimekumbuka mashine yako ya kupimia sukari, ile aliyokuletea mjomba kutoka safari ya nje.

Ee mama, wewe nawe! Mgeni akipiga hodi, kabla hata ya kupewa kiti, unamwambia, "Karibu, leta kidole." Ulipima majirani, ukapima jumuiya nzima ikitoka kusali, ukampima hadi fundi aliyekuja kuezeka jiko. Kila mtu na sindano yake mpya, hapo nakusifu. Nikikukataza unang'aka, "Mgeni atoke kwangu mikono mitupu?"

Vijiti vyake vya kuwekea damu vikaisha wiki ileile. Tukavitafuta Namanyere, tukavitafuta Sumbawanga mjini, wapi! Tulivyopata vilikuwa vya mashine nyingine, havikuingia. Mashine ikahamia kabatini kwenye vikombe vya wageni, nawe ukabaki kukisia sukari kwa kiu, mpaka kidonda cha mguuni kilipokataa kupona. Hilo bado linaniuma.

Sasa ni zamu yangu. Nina mimba ya miezi sita, na kliniki wameniambia sukari yangu imepanda. Nikiichunga, mimi na mtoto tutakuwa salama. Nililia, kisha nikaenda dukani. Muuzaji akanitolea mashine ya kioo kikubwa, inang'aa kweli. Nikamwambia, "Dada, tuanze na vijiti. Vya aina gani havikosekani hapa?" Akanionyesha boksi moja. Nikaangalia tarehe ya kuisha muda, nikauliza kama na Namanyere vipo, ndipo nikachukua mashine inayoingiana navyo. Sura haina, masikini, lakini inafanya kazi.

Baridi ya asubuhi huku unaijua. Vidole vinagoma kutoa damu, basi nanawa maji ya moto kwanza, najifuta. Leo namba imekaa palepale daktari alipotaka. Nimefurahi, mama, nimefurahi mno!

Mama mkwe alipoiona tu mashine, akavuta kigoda, akanyoosha kidole. Nikakuona wewe kabisa. Mkono ukaanza kwenda kwenye vijiti, nikaurudisha, nikafunga boksi.

"Kesho twende wote kliniki wakakupime, mama. Vijiti hivi vina mwenyewe, ila bado hajazaliwa."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Mtoto akiwa wa kike ataitwa jina lako, ila wageni atawakaribisha kwa uji.

Pumzika, mama.
Mimi, kitindamimba wako