Kibomba Cheusi Ndani ya Amplifaya

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshameza dawa za asubuhi, siyo bado unabishana na Mama kama ulizimeza au la. Goti je, linakuruhusu kupanda ngazi? Sisi huku wazima, ila mgongo umenichoka nami nimeuchoka, na mkweo wa kike anasema ameolewa na meza ya ufundi, mimi ni kiti chake tu.

Amplifaya yako ilifika salama, pamoja na karatasi uliyoibandika juu yake: mnunuzi anasema tremolo imedhoofika, itengenezwe kwanza, usije ukamuuzia mtu kitu kibovu. Nilicheka peke yangu. Ni wewe kabisa.

Baba, nimehangaika nayo wiki tatu. Ukiwasha hiyo tremolo na kupiga gita, sauti ilitakiwa ipande na kushuka kama mtu anayepumua. Badala yake ilitikisika kidogo tu, kama mgeni anayekataa chai kwa adabu. Nilibadilisha zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Nikabadilisha kapasita, moja baada ya nyingine. Nikasafisha vitufe vyote. Wapi! Fundi cherehani wa chumba cha pili, anayesikia nota ile ile kutwa nzima, alikuja kuniuliza kama natengeneza au naomboleza. Nikamjibu vyote viwili, akarudi kwenye suruali zake akisonya.

Mke wangu ndiye aliyenikamata. Alisimama mlangoni na kikombe, akauliza kwa nini nimegusa kila kitu humo ndani isipokuwa kile kibomba cheusi cha pembeni. Nikasema hakina shida. Akasema mbona hata sijakipima. Yule mwanamke hajui umeme, Baba, lakini mimi ananijua.

Ndani ya kibomba hicho kuna taa ndogo inayowaka na kuzima, na mbele yake kuna kitu kama jicho kinachoitazama. Jicho likiona mwanga, sauti hushuka. Likikosa, sauti hupanda. Vimefungwa pamoja gizani, na havihitaji mtu wa kuvichungulia.

Mimi nilivichungulia. Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa kujifunza ufundi, wiki ile uliposafiri ukaiacha amplifaya nyumbani. Nilikipasua kibomba kwa wembe ili nione taa ikikonyeza. Kukirudisha, nikakifunga kwa utepe na gundi, taa ikakaa upande, ikawa inaangaza ukuta wa kibomba badala ya jicho. Uliporudi ukapiga, ukasema sauti haitikisiki. Nami, fundi mwenye umri wa miaka ishirini na bisibisi mbili, nikakuambia mashine haina tatizo, labda masikio.

Uliniamini. Ukaenda kwa daktari, naye akasema umri ukisogea masikio hupungua kidogo. Mwezi uliofuata ukamwachia mwingine kiti chako kwenye bendi, ukisema mtu asiyesikia chombo chake asiwaharibie wenzake. Nilikuwepo ukiwaambia. Nilikuwa nimekubebea gita. Kila mwaka nilijiapia kwamba nitasema ukweli, na kila mwaka maneno yakawa mazito zaidi, hadi ikatimia miaka thelathini na moja. Hata wiki hizi tatu, nilikuwa natafuta kosa kila mahali ambapo najua halipo.

Juzi nilikifungua. Taa ilikuwa bado inatazama pembeni, na alama ya kidole changu imo kwenye gundi. Nimeinyoosha, nikafunga upya. Sauti ilipoanza kupumua, fundi cherehani alisimamisha cherehani yake. Mimi niliketi sakafuni.

Masikio yako hayakuwa na kosa, Baba. Kosa lilikuwa langu, na sithubutu kuomba msamaha kwa karatasi. Mnunuzi nimemwambia asubiri mpaka mwenyewe usikie. Jumamosi naileta. Ukinifungia mlango sitanung'unika. Nitaomba umeme kwa jirani, niiwashe hapo hapo nje, maana najua utasikia.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, na dada zangu wote wape salamu. Mke wangu anakusalimu sana. Anasema unikaripie upendavyo, ila usinimalize.

Ni mimi mwanao,
Bisibisi