Gari Lilipokosa Pumzi

Jumapili, 1 Julai 1956

Daftari langu, habari za leo. Mimi sijui kuandika kitu ila barua, basi naanza kama barua.

Sisi hapa Kanoni hatujambo. Baba Placidia hajambo ila mguu — wiki ya tatu yuko kitandani na plasta, tangu gunia la kahawa limwangukie. Mama mkwe hajambo, asubuhi anakohoa. Shemeji Leonadi, mdogo wake mume wangu, hajambo, anakula vizuri. Mapacha hawajambo, jana wamevunja chungu. Ng'ombe hajambo na ndama wake. Na Placidia, binti yangu mkubwa, hajambo sana sana! Yeye ndiye sababu ya daftari hili.

Barua imekuja. Amechukuliwa kusomea uuguzi Bukoba! Padre kaisoma mbele za watu baada ya misa. Nimelia, nikaona haya, nikalia tena. Afike Jumamosi tarehe 14, kabla ya saa sita mchana. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yamenikaa kichwani, mengine yote yamepita.

Basi hushuka Bukoba Jumamosi tu, nalo hufika jioni. Halifai. Atakwenda na gari letu la mizigo, Ijumaa alfajiri, Leonadi akiendesha. Namshukuru Mungu kwa gari.

Jumatano, 4 Julai

Gari! Limerudi na kahawa kutoka Rugu linakohoa kumshinda mama mkwe. Moshi mweusi. Kilima cha mwisho limesukumwa na watu. Leonadi kasema limezeeka, liuzwe.

Baba Placidia alicheka kule kitandani. "Uzee uko kwako! Gari linakosa pumzi. Chujio la hewa limejaa vumbi la kiangazi." Kumbe ameagiza jipya Bukoba tangu mwezi wa sita. Litapanda na basi la Alhamisi ijayo.

Nimehesabu kwa vidole. Alhamisi ijayo ni tarehe 12. Safari tarehe 13.

Jumamosi, 7 Julai

Nimepiga pasi gauni lake mara tatu. Placidia kasema, "Mama, ukizidi kunitazama hivyo nitayeyuka." Nikamwambia ayeyuke akishafika.

Alhamisi, 12 Julai

Limekuja! Ndani ya karatasi, jepesi, nyuzi za waya zimesokotana kama kiota cha ndege. Linang'aa kama saa ya Padre.

Leonadi alikuwa Kayanga kutafuta petroli. Sikungoja. Baba Placidia alifunguliwa dirisha, akawa anapiga kelele toka kitandani, mimi nikawa mikono yake. Juu ya injini kuna bati kama sufuria yenye mfuniko. Nati moja tu katikati, nimeifungua kwa vidole. Nikatoa lile la zamani — zito kama mawe! Vumbi lote la Karagwe lilikuwa mle.

Kyarimpa, jirani yetu mfugaji kule mbugani, alikuwa amekuja kumuaga Placidia na kibuyu cha samli. Akasimama mkono kiunoni: "Leo fundi, kesho utavaa suruali!" Nikamwambia ashike mfuniko, maneno baadaye.

Baba Placidia akaagiza: lipake mafuta nyaya zote, liache lichuruzike, ndipo ulifunge. Vumbi linanasa kwenye mafuta. Mafuta yako kwenye debe chini ya kiti. Nikayatazama hayo mafuta. Mazito, yananuka, yamenichafua kanga. Kitu kipya hivi nikipake uchafu ule? Bibi harusi kwetu hatoki nyumbani hajapakwa samli. Kyarimpa akasema kisafi kuliko samli yake hakuna, ya wiki hii hii, nayo jua lilikuwa limeshaiyeyusha kama maji. Tukalipaka. Kila tundu, bila uchoyo! Baba Placidia pale dirishani hatukumwambia.

Jioni Leonadi kazungusha hendeli ya kuwashia — mara moja tu, likawaka! Sauti nzuri kama cherehani. Kanusa, kauliza nani anakaanga nyama. Tumecheka hadi mbavu zikauma. Mimi, wa darasa la pili la misheni, nimetengeneza gari!

Ijumaa, 13 Julai

Mikono bado inanuka. Niandike yote.

Alfajiri baridi na ukungu, migomba haionekani. Sanduku limefungwa nyuma. Tumesali. Leonadi kazungusha hendeli. Gari likatetemeka, likatoa moshi mweusi, likazima. Tena. Likazima. Mara kumi, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Majirani wamejaa. Saa moja. Leonadi katupa hendeli chini, kasema injini imekufa, habari ndiyo hiyo.

Placidia hakulia. Alikaa juu ya sanduku lake, mikono magotini. Angelia ningemudu.

Nikakimbilia jikoni maana mama mkwe alikuwa anaitisha uji. Nikatia kijiko kwenye samli nimtilie kidogo — kijiko kikasimama. Ngumu kama sabuni! Baridi imeigandisha. Nikaona palepale lile chujio, kila tundu limezibwa. Nimemziba pua mwanangu mimi mwenyewe.

Nikaingia chumbani. "Baba Placidia, lile chujio nililipaka samli."

Akauliza, "Samli gani?"

"Ya Kyarimpa."

Nilidhani atanipiga na fimbo yake ya kutembelea. Akacheka! Kacheka mpaka plasta ikagonga kitanda. "Umetia ng'ombe mzima puani mwa gari!" Kisha akafuta macho. Akaniuliza kama najua kuosha kibuyu kilichokuwa na samli. Nani hajui? "Basi nenda kalioshe hivyohivyo. Na ukinisikia sasa, nisikie yote."

Nikachemsha maji. Nikatia maji ya majivu na sabuni. Nikalichovya, nikalitikisa kama kibuyu, maji yakatoka meupe. Ya pili. Ya tatu yakatoka safi. Leonadi alitaka alianike juu ya moto, nikamfukuza — mafuta na moto! Nikampa Placidia alipepee kwa ungo. Akapepea huku midomo inatembea, sala au hesabu sijui. Lilipokauka nikaenda nalo kitandani, na debe la mafuta yale yanayonuka. Safari hii Baba Placidia aone kwa macho yake. Nikapaka kidogo. "Basi," akasema. "Basi, mwanamke!" Nikalitundika kwenye mti wa kuanikia nguo, tone, tone. Nilitaka kulikamua. Nikajizuia, kama juisi ya ndizi inavyochujwa kwenye majani: ukilazimisha, takataka zinapita.

Tone la mwisho. Nikalirudisha. Nikafunika, nikakaza nati. Watu wakasogea, hata mapacha.

Leonadi akaniangalia: "Shemeji, nizungushe?"

"Zungusha!"

Moja — likawaka! Vigelegele hadi kwa jirani wa pili! Mama mkwe katoka na bakuli lake la uji, anacheza. Kyarimpa kafika mbio, kasikia habari njiani: "Nikalete kibuyu kingine cha akiba?" Tumeanguka kwa kucheka, mimi nalia humo humo.

Ilikuwa saa nne imepita. Nimempa Placidia kahawa za kutafuna njiani. Nilitaka kufuta mkono kwanza. Akaushika hivyohivyo na mafuta yake, akasema, "Mama, nitawaambia huko nani kanileta." Gauni nililopiga pasi limepata doa.

Nilisimama nikasikiliza. Gari limepanda kilima chote halijakohoa. Hata mara moja!

Jumamosi, 14 Julai

Sijala. Saa tatu nimefagia ua. Saa nne nimefagia tena.

Saa tano amefika bwana shamba, Methodius, na gari lake toka Kyaka. Anasema jana jioni aliona gari letu pale, limesimama kando ya barabara karibu na mto. Nikamshika koti. Boneti ilikuwa wazi au imefungwa? Hakuangalia! Msomi mzima! Anachokumbuka ni binti anacheka na kutafuna kitu. Huyo ni wangu. Baba Placidia anasema walikuwa wanangoja zamu ya kuvuka mto tu. Haya.

Kisha bwana shamba akavua kofia, akaanza kuzungukazunguka maneno. Gari lake nalo linakohoa. Amesikia Kayanga kwamba Kanoni kuna mama — Baba Placidia akadakia toka dirishani: "Yupo! Ila usimletee samli!"

Basi nimefungua chujio lake. Chafu kuliko letu. Nimeshaliosha, nimeshalipaka, limetundikwa. Yeye anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mume wangu, mimi naandika huku nalitazama.

Jua liko juu ya kichwa. Ndiyo saa sita hii. Saa hii ama umeandikwa kwenye kitabu chao ama hukuandikwa, na mimi sijui.

Placidia mwanangu, leta neno upesi. Usingoje basi la Alhamisi, mpe yeyote anayepanda huku, hata mchuuzi wa chumvi. Neno moja, nimefika. Baba yako anajifanya hangoji, kila gari likinguruma anageukia dirisha. Mimi niko hapa uani, chujio la bwana shamba bado linachuruzika, ananiuliza kama liko tayari, namwambia bado, kaa, kitu hiki hakilazimishwi —