Rukia Wangu na Sheria ya Mpira

Jumatatu, 7 Julai
Nimerudi kutoka kazini Saint Paul, Marekani hii, treni imejaa, miguu yawaka moto. Nikaumua mahamri. Mwanangu Rukia kaingia na mpira kwapani, kanuna. Mlinzi wa bustani kawafukuza, yeye na wenzake wote. Eti sheria ya zamani ya mji: mpira marufuku kwenye nyasi. Uwanja mwingine uko mbali, na mimi gari sina. Asipocheza hapa, hachezi. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 10 Julai
Wamesimamisha na kibao. Rukia kaenda maktaba, karudi na sheria yenyewe kwenye karatasi. Ilitungwa enzi za magari ya farasi, mipira isije ikawashtua. Miaka kumi na sita tu, huyo. Wasomi wangapi wamepita hapo wasiione? Kuzaa nimezaa.

Jumatano, 16 Julai
Kikao cha wakubwa wa bustani. Nimevaa buibui langu la harusini. Kila msemaji dakika mbili, mimi wa kwanza. Nikaanza kwa adabu, nilivyolelewa Mombasa. Nikawauliza hali zao, wazee wao, watoto wao, na joto hili wanalionaje. Kengele ikalia. Mpira sijautaja. Aibu gani hiyo. Jirani yangu Mama Esta, Mkongo, kacheka mpaka machozi: "Mama Rukia, ulikuja kuposa ao kusema mambo ya mpira?"

Kisha Rukia. Hakusalimu mtu. Kizungu kimenyooka kama rula. Kawasomea sheria yao, kainua macho, kawauliza: farasi wako wapi? Ukumbi mzima kicheko. Wakubwa wakapiga kura, mikono yote juu isipokuwa mmoja. Sheria imefutwa. Nikapiga kigelegele. Wakaniomba ninyamaze. Nikapiga cha pili.

Alhamisi, 17 Julai
Kazini wote wanajua. Wagonjwa ninaowahudumia pia. Dada yangu Mombasa nimemsimulia mara tatu, ya nne kasema ana chungu motoni. Wivu tu.

Jumamosi, 19 Julai
Kibao kimeng'olewa. Wasichana wamecheza tangu alasiri mpaka karibu na magharibi. Rukia kakosa bao la wazi, wala hakujali. Nilivua viatu, nikakaa kwenye nyasi. Bibi mmoja wa Kizungu akaja kukaa karibu, akaniuliza wangu ni yupi.
Nikamwonyesha kwa kidole. Sikuongeza neno.