Nilimnyima Mkwe Wangu Mayai, Wajukuu Wawili Wamekufa

Bwera, Juni 1974

Mama Alisi mupendwa, nakuandikia nimechoka, unisaidie. Mimi ni Laurentine, mujane, nilikimbia vita kule Beni mwaka wa 1964 na mutoto wangu moja tu, Célestin, sasa ni mwanaume, anauza chumvi ya Kabatoro hapa soko ya Bwera, na alioa musichana ya Muhokya, jina yake Biira, iko na heshima, hata siku moja hakunijibu mubaya.

Zamani dada yangu Geneviève alikufa akizaa, siku tatu anasukuma, mutoto alikuwa mukubwa, hakutoka, na mimi nilimushika mukono mpaka ikakuwa baridi. Ndiyo maana Biira alipopata mimba nikasema huyu hatakufa vile, nikamukataza mayai na samaki na maziwa, tukule mimi na Célestin tu, yeye ale bugari kidogo na sombe, majani ya muhogo, asubuhi, kidogo tena jioni, abebe chumvi mpaka mwezi ya mwisho, kamba kwenye paji ya uso, ili mutoto akae mudogo atoke mbio.

Alitoka mbio kweli. Musichana, alienea ndani ya kofia ya Célestin, siku ya sita akakufa. Nikasema bapate mwingine upesi, machozi ikauke, na mwaka haikuisha Biira akazaa kijana, naye mudogo, hakuwa na nguvu ya kunyonya, wiki tatu tukamuzika.

Sasa iko na mimba ya tatu, miezi tano, na homa inamupiga kila mara. Dispansari walimupa kinini ya homa na vidonge ya damu, lakini mimi nilivichukua, viko ndani ya sanduku yangu, sababu banamuke ya soko banasema vinanenepesha mutoto. Wiki iliyopita nesi alipita kwetu, akavuta jicho ya Biira, akaangalia viganja, vilikuwa vyeupe.

Akauliza, "Unakula nini, mama?"

Biira akaniangalia. Akasema, "Ninakula yote. Mama mukwe ananilisha muzuri."

"Na vidonge?"

"Ninameza."

Mama Alisi, nilimusindikiza nesi mpaka njiani, akaenda.

Jioni ile Célestin akamuambia, "Huyu naye akikufa, utarudi kwa baba yako. Tumbo yako iko mubaya." Biira akageukia ukuta, akalia bila sauti. Nikimuambia mutoto wangu kweli, atanifukuza, na mimi sina kwingine ya kwenda. Nifanye nini?

*Mama Alisi anajibu:*

Mama Célestin, pole. Pole ya Geneviève, pole ya wajukuu. Nimekuwa mkunga miaka ishirini, na hayo yako nimeyasikia kwa wanawake wengi, kwa hiyo sishangai. Lakini nitakugombeza, na ukae unisikilize.

Dada yako hakufa kwa sababu alikula vizuri. Pengine njia ilikuwa nyembamba, pengine mtoto alikaa vibaya, na hapakuwa na daktari wa kumpasua. Mama akinyimwa chakula njia yake haipanuki, anaishiwa damu tu, na mtoto anapata mabaki. Ongeza homa isiyotibiwa, ongeza gunia la chumvi, ongeza mimba juu ya mimba kabla mwili haujapumua. Ulitaka mtoto azaliwe na uzito gani? Tumbo la Biira halina ubaya wowote.

Toa vidonge sandukuni leo. Usimmezeshe vingi kwa pamoja eti kufidia. Mpeleke navyo dispansari wewe mwenyewe, umwambie nesi ukweli, naye ataeleza aanze vipi. Homa ikimshika, asikae nyumbani hata siku moja. Chumvi aibebe Célestin, ana mgongo. Biira ale yai, maharage, samaki wa Katwe, ashibe. Ajifungue mbele ya mkunga, halafu apumzike miaka miwili bila mimba. Namna ya kupumzika wataelezwa huko huko dispansari.

Siwezi kukuahidi kitu. Miezi mitano imeshapita, na huyu naye anaweza kuzaliwa mdogo. Lakini hii minne iliyobaki ndiyo mtoto anajaza mwili, na hiyo bado mnayo.

Na mwanao? Mwambie, Biira akiwa amekaa hapo anasikia. Atapiga kelele, pengine utalala kwa jirani siku mbili tatu. Vumilia. Hilo ni dogo kuliko msichana wa watu kurudishwa Muhokya kwa kosa ambalo ni lako. Kelele zikiisha, mwambie na yeye ana lake: muda wote huo anakula samaki, mkewe anakula majani, na hakuuliza kwa nini.

Barua hii ikikufikia asubuhi, usingoje jioni. Pika, uwaite wote wawili. Sahani ya kwanza mpe Biira.